Askari Hapewi Sadaka

Katika vijiji vya Kamuli, kama ilivyo kote Kyerwa na Karagwe, mkoani Kagera, daftari la michango halipumziki. Leo linazunguka kwa ajili ya msiba, kesho harusi, keshokutwa mtoto aliyepangiwa shule ya bweni wakati nyumbani hakuna godoro wala sanduku. Mwenye fedha huandikisha fedha, asiye nazo huandikisha mkungu wa ndizi au debe la maharage. Na hakuna anayeona haya jina lake kuwa upande wa wapokeaji, kwa kuwa kila aliyeko upande huo amewahi kuwa upande wa pili, au atakuwa siku moja.

Je, katika daftari hilo askari ana nafasi? Simzungumzii mstaafu, wala mjane aliyeachwa na askari. Hao huruma yetu huwafikia bila mjadala. Namzungumzia kijana aliye kazini, mwenye kombati mwilini, bunduki mkononi na mshahara wake kila mwezi. Tukimchangia ada ya mtihani, tukamnunulia vitabu, au tukamtibia mama aliyemwacha kijijini, tunampa kitu gani hasa? Ni sadaka? Ni haki yake? Au ni hongo iliyovikwa nguo nzuri?

Tuanze na sadaka. Sadaka huteremka: hutoka kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho, na mtoaji hangoji malipo ila kwa Mungu. Ndiyo maana ni tukufu, na ndiyo maana pia humwachia mpokeaji uzito fulani mabegani. Askari hafai kuwekwa mahali hapo. Ni mzima wa mwili, ana kazi, na zaidi ya yote, yeye ndiye aliyetangulia kutoa. Siku aliyokula kiapo alikubali kwamba ikibidi atakufa ili wengine waendelee kupalilia migomba yao. Mtu aliyekwisha kukuahidi uhai wake huwezi kumtupia sarafu ukasema umemhurumia.

Basi ni haki, atasema mwingine: Serikali imlipe vizuri, yaishe. Jibu hili ni la kweli, lakini halifiki mwisho wa njia. Mshahara hununua muda na jasho. Fundi akimaliza nyumba na kulipwa, yeye na mwenye nyumba hawadaiani. Lakini tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika eneo la Beni, mashariki ya Kongo, wanajeshi wasiopungua 14 wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa waliuawa katika shambulio moja. Hakuna hati ya mshahara wa Desemba inayoweza kuandikwa chini yake kwamba deni limekwisha. Kazi ya askari, hata ikilipwa senti ya mwisho, huacha baki. Wajibu wetu kwa askari umo katika baki hilo.

Historia yetu imetuonyesha mapema nini hutokea pale askari na wananchi wanapokuwa watu wasiojuana. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Wenzao wa Tabora wakafuata. Walidai mishahara mizuri zaidi, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Madai yenyewe hayakuwa ya kipuuzi. Lakini njia waliyoichagua ilileta uporaji na vifo mjini, na ikailazimu nchi iliyopata uhuru wake miaka miwili tu iliyopita kuomba msaada wa Waingereza kuwanyang'anya silaha askari wake yenyewe. Jeshi lile lilirithiwa kutoka kwa wakoloni. Lililipwa na Serikali, lakini halikuwa la mtu yeyote kijijini. Lilipovunjwa, lile lililozaliwa tarehe 1 Septemba 1964 lilipewa jina ambalo kwangu ni hoja kamili ya kifalsafa: Jeshi la Wananchi.

Miaka miwili baadaye ufa ule ule ulijitokeza kwa upande wa pili. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hasa kwamba kwa muda wa utumishi huo wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na hapo hapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1964 tulimwona askari asiyejiona kuwa mwananchi. Mwaka 1966 tukamwona msomi asiyeona kwamba mzigo wa askari unamhusu. Fedha ilitajwa katika mizozo yote miwili, lakini kilichokosekana katika yote miwili kilikuwa kifungo kati ya watu.

Kifungo hicho kilionekana hapa hapa Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe na kiwanda cha sukari, na kulivunja daraja la Kyaka. Maelfu ya watu walikimbilia kusini ya mto na vichwa vyao vimebeba walichoweza. Mwalimu alipotangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo, Watanzania hawakukaa kungoja bajeti. Walitoa ng'ombe, nafaka, fedha na magari. Na pamoja na wanajeshi waliingia mgambo kwa makumi ya maelfu, yaani wakulima na wafanyakazi waliokuwa jana shambani au kiwandani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Leo huko Kaboya, wilayani Muleba, wamelala zaidi ya mashujaa 600 wa vita hivyo.

Tutazame mchango ule wa mwaka 1978 ulikuwa kitu gani. Haukuwa sadaka, maana mkulima aliyetoa ng'ombe wake hakujiona yuko juu ya askari aliyekwenda kumla njiani kuelekea Mutukula, mpakani. Haukuwa kodi, maana kodi huchukuliwa, nao huu ulitolewa. Haukuwa mshahara, maana hakuna aliyepima nyama ile kwa saa za kazi. Kiswahili kina neno lake, nalo ni lile lile la daftari la kijijini: mchango. Kuchanga ni kila mmoja kuweka chake katika chungu kimoja, na chungu kikishaiva hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema, hili tonge ni langu. Askari naye alikuwa mchangaji. Mmoja alileta ng'ombe, mwingine alijileta mwenyewe. Sadaka humfunga mpokeaji peke yake. Mchango huwafunga wote, na huo ndio utukufu wake.

Hata hivyo, si kila kinachomfikia askari kutoka nje ya mshahara wake ni mchango. Ng'ambo ya pili ya mto ule ule, Amin naye aliwajali askari wake kwa namna yake. Ndege zilikuwa zikipakia shehena katika uwanja wa Stansted, Uingereza, na kutua Entebbe zikiwa na wiski, redio na vitu vingine vya anasa vya kugawiwa jeshini. Fedha zilizolipia shehena zile zilitoka zaidi katika kahawa, zao ambalo kila nyumba ya Kamuli inajua jasho lake. Lakini mkulima wa Uganda aliyeichuma kahawa ile hakutajwa popote katika zawadi hiyo. Askari aliona mkono mmoja tu, wa mgawaji, na mkono huo ndio aliouapia moyoni. Jeshi lililozoea kugawiwa na mtu mmoja hujifunza kuchukua kwa watu wote. Na askari walipovuka kuja kwetu, walichukua.

Hapo napata kipimo. Thamani ya msaada kwa askari haitokani na wingi wake. Inatokana na kifungo unachokifunga: je, unamfunga askari kwa mtu, au kwa watu? Tajiri anayempelekea kamanda bahasha, mwanasiasa anayepiga picha akigawa mchele kambini, mfanyabiashara anayetaka mlinzi wa mali yake, wote hao wanaweza kutaja moyo wa kutoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naongeza kwamba penye bunduki, moyo peke yake hautoshi. Lazima na njia iwe wazi.

Kati ya vitu vyote tunavyoweza kumchangia askari, naamini elimu ndiyo inayokipita vizuri zaidi kipimo hiki. Chukua mfano wa kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa matokeo hafifu, akajiunga na jeshi, na sasa, baada ya zamu za usiku na kwata za asubuhi, anatamani kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anahitaji ada ya usajili, vitabu vya hesabu, taa ya kusomea, na mtu wa kumwambia kwamba hajachelewa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya harusi nyingi tunazozichangia. Lakini tazama jinsi zawadi hii inavyokaa. Haiwezi kulewesha. Haiwezi kunyang'anywa na aliyeitoa atakapokasirika. Siku kijana atakapovua kombati, atarudi nayo Kyerwa, aifundishie wanawe, asimamie chama cha ushirika cha kahawa, au asome mkataba wa kijiji kabla haujatiwa saini. Mkate ni wa kambi ya leo, elimu itarudi naye nyumbani.

Kuna sababu nyingine, na ni nzito zaidi. Askari hutii amri, na ni lazima atii, kwani jeshi lisilotii ni genge. Lakini kuna utii wa mtu aliyeelewa na utii wa mtu aliyefungwa macho. Idi Amin aliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946 akiwa na elimu ndogo mno, na wakoloni hawakuona tatizo: walihitaji mikono, hawakuhitaji maswali. Matunda ya fikra ile tuliyaonja sisi tulio jirani. Sisemi kwamba elimu humfanya mtu kuwa mwema. Wasomi wamefanya maovu makubwa, na maandamano ya 1966 yanatukumbusha kwamba shahada haimletei mtu moyo wa kujitolea. Nasema tu kwamba anayejua sheria, historia na hesabu ana mahali pa kusimama ndani ya nafsi yake pale atakapoamriwa kumwelekezea silaha raia asiye na hatia. Na akijua kwamba mahali hapo pa kusimama alichangiwa na raia wenyewe, kidole chake kitakuwa kizito.

Najua pingamizi lililo kali kuliko yote. Tukiwachangia askari, je, hatuipi Serikali mto wa kulalia? Leo vitabu, kesho viatu, na mwishowe bajeti ya ulinzi inawekwa mgongoni mwa mama muuza ndizi. Nalikubali pingamizi hili kwa moyo wote. Viatu, chakula, dawa na makazi ya askari ni wajibu wa dola, na mchango unaofunika pengo la dola humdhulumu askari na mwananchi pia. Jeshi lenyewe lina shule na vyuo, kuanzia Makongo na Jitegemee hadi chuo cha maofisa Monduli, na ni haki kudai milango hiyo iwe mipana. Kwa hiyo mchango halali ni ule ambao ungebaki na maana hata kama Serikali ingetimiza kila kitu. Familia tajiri nayo huchangiwa msibani. Haichangiwi kwa sababu imekosa jeneza. Inachangiwa ili isijione iko peke yake.

Tatizo letu ni kwamba michango kwa askari huja na ngoma ya vita na kuondoka nayo. Mwaka 1978 kila mtu alikuwa na cha kutoa. Wakati wa amani tunamwona askari kwenye gwaride tu, kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa waliokufa, kisha tunarudi majumbani. Kumheshimu shujaa aliyelala Kaboya ni jambo jema, lakini heshima hiyo itakuwa pungufu ikiwa aliye hai, aliyeko zamu usiku huu, hana anayemuuliza kama alifaulu mtihani.

Wazee wangu wa Kamuli, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali, daftari mnalo tayari. Fungueni ukurasa mmoja kwa ajili ya watoto wenu walioko jeshini. Mchango uamuliwe katika mkutano wa kijiji, usomwe kwa sauti mbele ya wote, upitie kwa viongozi wa kijiji na wa kikosi kwa kujuana, uwe wa vijana wote na si wa mpendwa mmoja, na usibebe jina la mheshimiwa yeyote. Uanze na vitabu na ada za mitihani. Na barua itakayoambatana nao isiseme, tumekusaidia. Iseme: wewe ulitoa lako, nasi hili ndilo letu.