Tabasamu la Kuuma Meno

Tuseme mtu amepooza upande mmoja wa uso. Mdomo umekwenda upande, shavu limelala. Hapa Nkowe hatakosa wa kusema kapigwa na upepo, wala hatakosa wa kusema anaringa, maana kasalimiwa na uso haukuchangamka.

Upo upasuaji wa kumrudishia tabasamu. Mwaka 1976 Kiyonori Harii na wenzake wa Japani walichapisha habari za kuhamisha msuli mwembamba wa paja la ndani, grasilisi, na kuupandikiza shavuni. Lakini msuli bila neva ni nyama tu. Kwa kuwa neva ya uso imekufa, madaktari wengi siku hizi huazima ile ya msuli wa kutafunia. Miezi kadhaa baadaye mgonjwa akikaza taya, pembe ya mdomo inapanda. Basi anakaa mbele ya kioo: anauma meno, anatabasamu, analegeza, anarudia. Taratibu anajifunza kutabasamu bila kuuma. Wapo ambao mwishowe tabasamu huwajia lenyewe. Wapo ambao haliji.

Sasa swali: tabasamu la kuuma meno ni la kweli?

Mfaransa Duchenne aliandika mwaka 1862 kwamba msuli unaozunguka jicho hautii amri yetu. Huamshwa na furaha ya kweli tu. Kwa kipimo hicho, kinachoamrishwa ni cha kutiliwa shaka. Mimi sikubali. Mlaghai anaonyesha asichonacho. Huyu anacho, ila mlango umefungwa, naye anatafuta pa kukitolea.

Tena, nani alizaliwa na shikamoo? Mama alitusukuma mgongoni: "Haya, muamkie babu!" Tukaamkia huku tunatazama chini, midomo mizito. Leo inatoka yenyewe, na heshima imo. Hakuna anayeiita uongo eti kwa sababu ilifundishwa.

Utaniambia uso si salamu; tunauamini uso kwa sababu humponyoka mwenyewe. Ni kweli, na hapo pana hasara isiyofichika. Anayelazimika kukaza taya kwanza, utani haumshtukizi. Wenzake wameshacheka, yeye ndiyo anaanza. Na kuna baya zaidi. Akiwa matangani anatafuna ugali, shavu linaweza kupanda. Asiyejua atasema, "Mtazame, anacheka msiba wa watu!"

Hapo ndipo naona swali letu lilielekezwa kwa mtu asiye wake. Tunamdai mgonjwa athibitishe ukweli wa uso wake, kumbe hukumu ya haraka ni yetu. Yeye kafanya kazi ya miezi mbele ya kioo ili tu atujibu. Sisi tunaojisifu kusoma kati ya mistari, je, tunashindwa kungoja nukta moja zaidi kabla ya kusema "anaringa"?

Ukweli wa tabasamu hauko kwenye neva. Uko kwenye nia ya anayelitoa, na kwenye subira ya anayelipokea. Nusu ya pili ni deni letu.