Mgeni wa Siku Mbili

Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300 za lami. Mtu mwenye gari na kazi ya ofisini anaweza kuondoka Jumamosi alfajiri, akapita Uyole, Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga, na mchana akawa sebuleni kwa shangazi yake, na Jumapili usiku akalala kitandani kwake Mbeya. Kabla ya kufika mjini, zikiwa zimebaki kilomita 20 hivi, barabara inapita karibu na Isimila: bonde lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji na upepo, na mashoka ya mawe ya watu wa kale ambayo Clark Howell na wenzake waliyachimbua mwaka 1957 na 1958. Mengine bado yamelala pale pale korongoni, mazito, ncha zake zimechongwa pande mbili. Akikunja kwenda kuyatazama, shangazi anasubiri na wali unapoa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wengi hulipita kwa mzaha: safari hii bado ni ya kumsalimia ndugu, au ndugu amekuwa kituo kimoja katika matembezi ya mwisho wa wiki?

Msimamo mkali unajulikana, na una hoja. Kuunga udugu ni wajibu katika dini zote mbili zilizoenea nchini, na wajibu unataka nia safi. Mwislamu anafundishwa kwamba matendo huhesabiwa kwa nia zake. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, alikaza zaidi: tendo lina thamani ya kimaadili pale tu linapotendwa kwa sababu ni wajibu, si kwa kuwa linampendeza mtendaji. Kwa kipimo hicho, anayekwenda Iringa kwa sababu anapenda barabara ya Mafinga, misitu yake ya misonobari na ubaridi wake wa asubuhi, hajatimiza lolote. Shangazi amepata faida ya bahati tu, kama mwenye shamba aliyenyeshewa na mvua ya jirani.

Siukubali msimamo huu, na ushahidi wa kwanza dhidi yake unatoka ndani ya dini yenyewe. Hakuna safari inayodai nia safi kuliko Hija. Hata hivyo Kurani, katika sura ya pili, aya ya 198, inawaondolea hatia mahujaji wanaotafuta fadhila ya Mola wao, na wafasiri wameielewa aya hiyo kuwa inaruhusu biashara katika msimu ule ule wa ibada. Ikiwa mtu anaweza kuuza na kununua njiani bila Hija yake kubatilika, ni vigumu kueleza kwa nini saa moja ya Isimila ibatilishe salamu za shangazi. Tena kutembea na kutazama si jambo la pembeni tu. Sura ya 29 inawaamuru watu watembee katika ardhi waone jinsi uumbaji ulivyoanza, na ukitaka mahali pa kuifikiria amri hiyo huku Nyanda za Juu Kusini, Kimondo cha Mbozi kinafaa kuliko pengi: pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, limetoka angani, na limebaki na alama mahali palipokatwa kipande. Furaha ya macho, basi, si mshindani wa wajibu. Nia mbili zinaweza kukaa katika gari moja mradi ijulikane ipi imeshika usukani.

Ukweli ni kwamba Kant angekuwa na shida zaidi Rungwe. Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti huko na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1951, kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Vijana walitoka kwa baba zao, wakajenga pamoja na wa umri wao. Sababu mojawapo ilikuwa mwiko mkali kati ya mke wa kijana na baba mkwe wake, ambao hawakutakiwa hata kuonana, lakini sababu nyingine ilikuwa kwamba kula pamoja na kupiga soga na wenzako kulihesabiwa kuwa sehemu ya maadili. Mtu aliyejifungia na chakula chake alitiliwa shaka. Mambo mawili yanatokea hapo. Kwanza, umbali haujawahi kuwa adui wa undugu. Kuna wakati wazee wetu waliupanga kwa makusudi ili undugu udumu. Pili, kufurahiana hakukuwa zawadi baada ya wajibu kwisha. Ndiyo ulikuwa wajibu wenyewe. Anayekwenda kwa shangazi akiwa amekunja uso ili nia yake iwe safi amemnyima kitu alichokuwa anakisubiri.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kikakatwa, fuvu likapelekwa Ulaya. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Halikurudi mpaka mwaka 1954, gavana Edward Twining alipolileta kutoka makumbusho ya Bremen na kumkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Leo fuvu limo kwenye kioo pale Kalenga, na mgeni hulipa kiingilio kuliona. Mkali atasema: hapa ndipo utalii unapoonyesha sura yake, kwa kuwa mzee wa watu amegeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Nadhani Kalenga inathibitisha kinyume chake. Wapo wataalamu walioshuku kama fuvu lililochaguliwa kati ya mengi kule Bremen ni lake kweli. Shaka hiyo haijaiondolea Kalenga uzito, kwa sababu uzito wake unatoka kwa watu waliompokea mtu wao. Ukimwondoa mjukuu katika habari hii, inabaki mifupa ndani ya sanduku, kama ilivyokuwa Bremen. Mgeni anayeingia peke yake na simu ya kupigia picha anaona kitu kidogo. Anayeingia na shangazi wa Kihehe, anayejua nani ameoa ukoo gani na nani hapaswi kutaja jina la nani, anaona kingine, hata kama shangazi hasemi mengi. Kivutio cha namna hii kinahitaji ndugu ili kionekane, na kwa hiyo kumwacha ndugu nyumbani apike huku wageni wakienda kuzunguka ndilo kosa. Wenyeji wengi wa mji hawajawahi kukanyaga vivutio vyao. Nyumbani mwenyeji hupika na mgeni hula, lakini bondeni Isimila wote wawili ni wageni, na usawa huo ni nadra kwa watu ambao mmoja ndiye mwenye gari.

Kumbe basi kinachoharibu safari ya mwisho wa wiki si starehe. Ni ugeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ratiba ya Jumamosi na Jumapili imetoshea ndani ya methali hiyo kwa usahihi wa kutisha: anaondoka jioni ya siku ya pili, kila mara, miaka nenda rudi. Anapokewa kwa salamu ya kamwene na kuku, anaagwa kwa gunia la viazi na dumu la ulanzi, na jembe halijui. Injili ya Luka inasimulia Mariamu alivyokwenda kwa haraka katika nchi ya milima kumwona Elisabeti mwenye mimba ya uzeeni, akakaa kama miezi mitatu. Mtu hakai miezi mitatu kwa mjamzito mzee bila kuchota maji.

Hapa mwenye kazi atalalamika, na ana haki: nani leo ana miezi mitatu? Mwingine ataongeza kwamba tangu pesa zianze kutumwa kwa simu, jembe linakwenda lenyewe. Shangazi anapokea ya mbolea siku hiyo hiyo, bila kulazimika kumlisha mtu yeyote. Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyopewa, maana gari lililojaa watu watano ni mzigo kwa nyumba ya mstaafu, na yapo matembezi ya kusalimia ambayo mwenyeji huyalipia kwa mwezi mzima. Pesa, hata hivyo, hufika pale ilipoombwa. Haioni kwamba shangazi sasa anashuka ngazi kwa upande, au kwamba mpaka wa shamba umesogezwa na jirani na yeye hataki kusema.

Jembe la siku mbili lipo, ila lazima litafutwe. Jumamosi mchana inatosha kupeleka mahindi mashineni, kumsindikiza mjomba kuona mgonjwa, kukaa kwenye kikao cha mpaka wa shamba. Isimila isogezwe Jumapili asubuhi, kwa kuwa iko njiani, na shangazi aulizwe kama anataka kwenda. Akikubali, itabidi arudishwe Iringa kwanza ndipo safari ya Mbeya ianze. Hizo ni kilomita 40 hivi za nyongeza, dereva atachelewa kufika kwake, na Jumatatu kazi inamsubiri. Sioni namna ya kumpunguzia.