Ufa Usioonekana

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaisikia mara nyingi, lakini neno lake moja lataka kufikiriwa, nalo ni kuziba. Mwenye nyumba ya udongo aonapo ufa aweza kuchimbua udongo uliolegea mpaka afike palipo imara, kisha akandike upya. Au aweza kupaka chokaa juu tu. Kwa macho ya mpita njia kazi mbili hizi ni sawa. Tofauti yake huijua yule aliyeifanya. Basi swali letu ni hili: ikiwa ukuta uliopakwa chokaa haukuanguka, je, aliyeupaka ana hatia? Nitalipima swali hili kwa kazi ya fundi wa ndege ndogo, maana katika kazi hiyo ufa mdogo hupima moyo wa mtu kuliko hotuba nyingi.

Watu huyasifu mabawa na injini ya ndege, wakausahau mkia. Walakini mkia ndio uizuiao pua ya ndege isiinuke wala kuinama ovyo, na ndio uishikao ndege katika njia yake. Katika ndege nyingi ndogo, mfano wa Cessna, kiunzi cha mkia ni mabati membamba ya aluminiamu yaliyoungwa kwa ribiti; katika nyingine, kama Piper Super Cub, ni mabomba ya feleji yaliyochomelewa na kuvikwa kitambaa. Kiunzi hicho hutikiswa na injini, hupigwa na upepo, na hurushwarushwa katika viwanja vya mchanga na mawe. Madini nayo huchoka. Ukipinda waya mara moja haukatiki, lakini ukiupinda na kuukunjua mara nyingi hukatika bila nguvu kubwa. Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliamuru ndege kadha za aina ya Cessna 180, 182 na 185 zikaguliwe mkiani, kwa sababu nyufa zilikuwa zimeonekana mahali ambapo bawa dogo la mkia hufungwa.

Ukaguzi huanza kwa kuosha, maana uchafu na grisi ni stara ya ufa. Kisha fundi huchukua kurunzi na kioo kidogo chenye mpini, akatazama pasipofikiwa na jicho: pembe za mabati, kandokando ya matundu, na maungio ya mkia. Akiona alama nyeusi kama moshi karibu na kichwa cha ribiti, hujua kuwa huenda ribiti imelegea na inasaga bati. Akishuku ufa, hupaka rangi nyekundu nyepesi, akaiacha ipenye, akaifuta yote, kisha akapaka dawa nyeupe. Kama ufa upo, rangi iliyojificha ndani hutoka ikachora mstari mwekundu juu ya weupe.

Njia moja ya kuuzuia ufa hushangaza wasioijua: fundi hutoboa tundu dogo kwa keekee palepale ufa unapoishia. Ncha ya ufa ni kali, na nguvu za mtikisiko hukusanyika hapo zikaupasua mbele zaidi. Tundu la mviringo huzitawanya. Lakini tundu peke yake si tiba. Hapana budi kiraka cha bati kipigiliwe juu kwa ribiti, kwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji. Na viko viungo visivyokubali kiraka, ambavyo lazima vitolewe na kuwekwa vipya. Mwisho fundi huandika kazi yake katika kitabu cha ndege na kutia sahihi. Sahihi hiyo ni ahadi kwa watu ambao hatawaona wala hawatamjua.

Sasa tuseme kuwa fundi ameuona ufa mwembamba kama unywele. Mwenye ndege ana haraka, kiungo kipya ni ghali, na ndege hiyo imeruka miaka mingi bila kisa. Fundi anapaka rangi, anatia sahihi, ndege inaruka na kurudi salama. Je, amekosa?

Mwingereza mmoja mjuzi wa hesabu, William Clifford, alilifikiri jambo kama hili katika insha ya mwaka 1877. Alitoa mfano wa mwenye merikebu kuukuu aliyekuwa na shaka juu yake, akajituliza moyo kwa kuwa ilikwisha kusafiri mara nyingi na kurudi, akaiacha iende na abiria. Merikebu ikazama. Kisha Clifford akauliza: na kama isingezama? Akajibu kuwa hatia ya mtu huyo isingepungua hata kidogo, maana kosa lake lilitimia alipoinyamazisha shaka yake.

Nakubaliana naye. Bahati yaweza kumwokoa abiria, lakini haiwezi kumsafisha fundi. Na kusema kwamba ndege imeruka miaka mingi si ushahidi wa uzima wake. Ndege kubwa moja ya Japan iligonga mkia wake chini huko Osaka mwaka 1978, na ukuta wa ndani uzuiao hewa nyuma ya ndege ukatengenezwa isivyo sawa: palipotakiwa safu mbili za ribiti zibebe mzigo, ikabeba safu moja. Ikaruka miaka saba. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta huo ulipasuka angani, na watu 520 wakafa; 4 tu waliokoka. Kila safari iliyofika salama kabla ya siku hiyo ilikuwa ikiukuza ufa.

Huenda mtu akasema kuwa kuchelewa nako huua. Katika Kenya neno hili si la mzaha, kwa kuwa tangu mwaka 1957 kumekuwako madaktari watumiao ndege ndogo kuwafikia wagonjwa wa mbali. Fundi akiizuia ndege, mgonjwa aweza kufa akingoja. Hoja hii ni nzito, wala siipuuzi. Lakini yatetea haraka, haitetei uongo. Fundi asemaye kweli huwaachia wengine nafasi ya kutafuta ndege nyingine au njia nyingine. Afichaye huamua peke yake juu ya roho za watu, na huwanyima hata habari ya kuwa wameamuliwa. Mtu ana haki ya kuihatarisha nafsi yake. Hana haki ya kumhatarisha mwingine gizani.

Msomaji huenda hatashika keekee maishani mwake. Lakini atapima dawa, atajumlisha hesabu za ushirika, au atachanganya saruji ya shule, na siku moja ataona kasoro ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Saa hiyo asijiulize kama itajulikana. Ajiulize nani atakalia kiti kile, kisha ndipo atie sahihi yake.