Kwa Nini Mtu Hukataa Kusadikishwa?

Husemwa mara nyingi katika mabaraza yetu ya hapa Karatu kwamba mtu akataaye chanjo ni mjinga tu, na ya kuwa akifundishwa atakubali. Neno hili ni jepesi kulisema, nasi walimu twalipenda, maana latufanya sisi kuwa dawa ya kila jambo. Walakini mimi naona halitoshi. Wapo watu waliofundishwa, wakafahamu, wakaweza hata kukueleza habari za ugonjwa kwa taratibu, kisha wakakataa. Basi hao tuwaite nini?

Yafaa tukumbuke habari ya Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi katika hospitali ya mji wa Merca, nchi ya Somalia, umri wake miaka 23. Siku zile ndui ilikuwa imekwisha karibu ulimwengu mzima, kwa kazi ya wachanjaji waliopita nyumba kwa nyumba. Mwezi wa Oktoba 1977 alilionyesha njia gari lililochukua watoto wawili wagonjwa wa ndui, akapanda pamoja nao kwa dakika chache tu. Baada ya siku kadhaa akashikwa na homa, kisha vipele vikatoka. Akapona, naye ndiye mtu wa mwisho duniani aliyepatwa na ndui kwa kuambukizwa kwa njia ya kawaida. Na tarehe 8 Mei 1980 ikatangazwa kwamba maradhi hayo hayapo tena. Huyu hakukosa mafundisho, kwani alikaa katikati ya waganga, na chanjo ilikuwa karibu naye kama chumvi ya jikoni mwake. Mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa aliogopa maumivu ya kuchanjwa. Miaka mingi ilipopita alifanya kazi ya kuwashawishi wazazi wa Somalia wawatoe watoto wapewe chanjo ya polio, akiwasimulia mambo yaliyompata, na katika kazi hiyo ndimo alimokuwa alipofariki, Julai 2013.

Sasa tutazame ya kwetu. Wafugaji wa Ngorongoro hawahitaji kufundishwa kwamba maradhi huambukiza. Kila mwaka, nyumbu wazaapo katika mbuga za Ndutu, huondoa ng'ombe wao mbali na majani yale, kwa kuwa wajua toka zamani ya kuwa ndama wa nyumbu huleta ugonjwa uuao ng'ombe. Na wataalamu walipochunguza wakaona ni kweli. Tena tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamechanjisha ndama wengi sana ili kuwakinga na ndigana kali. Chanjo hiyo, ambayo asili yake ni kazi ya wachunguzi wa Muguga nchini Kenya, si ya kuchezea: ndama hudungwa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo hupigwa sindano ya dawa ya kuuzuia ugonjwa usizidi. Wala si bure. Mwenye ng'ombe hutoa fedha yake mfukoni, ndama akatiwa hereni sikioni, na mnunuzi mnadani huitazama hereni ile kabla hajataja bei.

Nalimwuliza mzee mmoja mfugaji, baba wa mwanafunzi wetu, ambaye alikataa binti yake asipewe shuleni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Nikamwambia, "Baba, ndama wako wote wana hereni, nawe uliwalipia. Mbona binti umemzuia?" Hakukasirika. Akajibu, "Mwalimu, ya ndama naliyaona. Mwaka ule nalichanja kumi, nikaacha watano. Kabla ya mvua kwisha, katika wale watano wakabaki wawili. Hiyo saratani yako nitaiona lini?"

Jibu lake lilikuwa bora kuliko swali langu. Saratani ile huchukua miaka ishirini, pengine thelathini, tangu maambukizo yaingie hata ionekane. Siku itakapokuja, au itakapokosa kuja, mzee yule yamkini atakuwa kaburini. Aombwa asadiki jambo ambalo faida yake ni kutotokea kwa jambo. Na hii ndiyo taabu ya chanjo zote za wanadamu: zikifaulu, huondoa ushahidi wake zenyewe. Bibi zetu waliijua surua, walizika. Mama kijana wa leo huenda hajapata kumwona mtoto aliyepofuka kwa surua, basi aona homa ya siku moja baada ya sindano kuwa ndiyo hatari, kwa kuwa hiyo aiona kwa macho.

Kisha mzee aliongeza jambo la pili, kwa sauti ya chini: kwamba sindano ile hufunga uzazi. Neno hili limetembea sana. Katika nchi yetu chanjo hiyo ilianza kutolewa mahali pote Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hata 14, sindano moja. Watu huuliza: mbona wasichana peke yao? Mbona wadogo hivi? Mbona bure, hali dawa ya kikohozi twauziwa? Mimi sioni ujinga katika maswali haya. Yana majibu: mlango wa kizazi ni wa mwanamke, na ugonjwa huletwa na virusi viambukizwavyo kwa kukutana na mume, basi kinga hutangulia kabla msichana hajaolewa. Wala chanjo haiharibu uzazi; saratani yenyewe ndiyo iondoayo kizazi na uhai pamoja, nayo huua wanawake wengi katika Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Lakini mara nyingi wachanjaji hufika na sanduku la barafu asubuhi, wakaondoka kabla ya adhuhuri, na maswali hubaki kijijini yakijibiwa na asiyejua.

Tena tusijifanye kwamba maneno haya yalizaliwa vichakani. Mwaka 2014 nchini Kenya maaskofu Wakatoliki wenyewe walilalamika hadharani kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ina kitu cha kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya la Dunia wakakana. Na kwetu, Januari 2021, Rais Magufuli akiwa Chato aliwaonya watu juu ya chanjo za korona zitokazo nje. Tarehe 28 Julai mwaka ule ule Rais Samia akachanjwa mbele ya watu katika Dar es Salaam, ili wananchi wamfuate. Raia mwema mwenye kuwatii wakubwa afanyeje katika miezi sita hiyo? Alisikiliza kwa utii mara mbili.

Na wa Ngorongoro wana neno lao zaidi. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa katika Serengeti, wakapewa ahadi kwamba Ngorongoro watakaa. Tangu mwaka 2022 wengi wamehamishwa kwenda Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali yasema wamehama kwa hiari, na wengi wao wasema siyo. Sikusudii kuhukumu shauri hilo katika ukurasa huu. Nasema tu kwamba gari la serikali lifikapo bomani, mzee hatazami kwanza sanduku la dawa. Hutazama bendera iliyochorwa mlangoni. Hapo akataapo sindano, yawezekana hajakataa sindano kabisa.

Hata hivyo ipo namna nyingine ya kukataa, nayo siitetei. Ni ya mtu aliyekwisha sema neno barazani mbele ya rika lake, basi hawezi kulirudisha. Huyu hata umletee waganga saba na vitabu vyao, kila hoja huwa kwake tusi, naye huzidi kuganda. Ndivyo alivyokuwa Naamani, jemadari wa Shamu. Aliambiwa akaoge Yordani mara saba, akaondoka kwa hasira, kwa kuwa mto ule ulikuwa wa kigeni na dawa yenyewe ilikuwa nyepesi mno kwa heshima yake. Angalieni ni nani aliyemgeuza. Nabii hakutoka hata nyumbani kwake. Ni watumishi wake Naamani, waliosafiri naye, waliomwita baba, waliokuwa na hasara akifa. Na habari yote ilianzia kwa kijana wa kike, mateka, asiye na cheo chochote. Mara nyingi sisi twawatuma manabii, tukasahau watumishi.

Je, yafaa basi kulazimisha? Mimi naona magonjwa hayako sawa katika hili. Surua hupita hewani, nayo huhitaji karibu watu 95 katika kila 100 wawe wamekingwa ndipo isipate njia. Kwa hiyo akataaye surua huliweka shauri lake juu ya mtoto mchanga wa jirani ambaye bado hajafikia siku zake za kuchanjwa, na huyo hakuulizwa. Hapo wakubwa wana haki ya kukaza. Lakini chanjo ya saratani hukinga kwanza mwili wa msichana mwenyewe, na hatari yake si ya kesho. Upo wakati wa kuongea. Wako waalimu wasemao tuwachanje wasichana kimya kimya, baba wasijue. Mimi nalikataa. Siku baba atakapojua, yale yaliyonong'onwa juu yetu yatakuwa kweli, na mwaka ujao hataleta hata wa surua. Ila nakiri kwamba subira yangu hii yagharimiwa na mtu mwingine: binti ndiye atakayeugua, si mimi wala si babaye.

Mzee hakukubali siku ile, wala hakukataa tena. Mkewe alisema atamwita shangazi wa binti, akaaye Rhotia, ambaye mwanawe alichanjwa shuleni mwaka 2018, na sasa ameolewa, ana mtoto mgongoni. Mzee akasema kwamba huyo atamsikiliza. Binti ametimiza miaka kumi na mitatu, na wachanjaji watarudi baada ya mavuno. Shangazi bado hajaja, kwa maana mvua imeharibu njia.