Pikipiki ya Mtumba na Ukimya wa Muuzaji

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua hapahapa Mabibo, mkononi mwa mtu. Nilipofika nikaikuta imeshawashwa, inanguruma vizuri. Nikalipa, tukaandikishana. Kesho yake asubuhi nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Kumbe injini ikishapata moto huficha ugonjwa wake.

Je, yule bwana alinidanganya? Hakutamka uongo hata mmoja. Mimi sikuuliza, yeye hakusema.

Cicero, Mrumi aliyeandika kitabu kuhusu wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, anawaleta wanafalsafa wawili wakibishana juu ya mtu anayeuza nyumba mbovu. Diogenes anasema kunyamaza siyo kuficha. Antipater anaona ni sawa na kuacha kumwonyesha njia mtu aliyepotea.

Mtaani sisi tuko na Diogenes. Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia tunamcheka: "Si ungeuliza?" Lakini anayeanza hajui hata la kuuliza. Ukimya unamuumiza yeye zaidi ya wote, halafu ndiye tunayemlaumu.

Juzi zamu ya kuuza ikawa yangu. Akaja kijana, ndiyo kwanza anataka kuanza boda. Kodi ya chumba ilikuwa imenikaba. Nikamwambia, "Mdogo wangu, njoo kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijaiwasha."

Akaja. Akapiga kiki mara tisa ndipo ikawaka. Akashusha bei kwa laki na nusu, nami nikakubali.

Kodi bado nadaiwa.