Shahidi na Daftari la Ndege



Someni tena Yohana Mtakatifu, sura ya 9. Mafarisayo walimwita yule mtu aliyezaliwa kipofu, wakamtaka akubali kwamba Yesu ni mwenye dhambi. Yeye hakukubali kunena asilolijua. Alishika neno moja tu: alikuwa haoni, na sasa anaona. Wazazi wake waliogopa kutengwa na sinagogi, wakajibu kwamba yeye ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Basi akasimama peke yake, na mwisho wakamtoa nje.

Tuna sababu ya kulichagua somo hili, nayo inatuhusu sisi wenyewe.

Wengi wenu mnalijua daftari la ndege. Baadhi yetu hutembea Jumamosi asubuhi kandokando ya mto Ngerengere, tukaandika ndege tuwaonao: siku, mahali, na hesabu yao. Darubini ni moja, tena kioo chake kimoja kina ufa. Mmetucheka kwamba watu wazima wanahesabu shomoro. Hatukukasirika, maana Bwana wetu katika Mathayo 10 aliwataja shomoro hao hao wauzwao kwa bei ya chini kabisa, akasema Baba anayo habari ya kila mmoja aangukaye.

Tena kuandika kuna faida. Yule kunguru wa shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar yapata mwaka 1891 ili ale takataka. Sasa amejaa Dar es Salaam na amekwisha kufika Morogoro, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya mama zetu. Mgeni wa namna hiyo huja kwanza mmoja au wawili, na ni vema awepo mtu wa kusema siku aliyoonekana.

Lakini sasa tuje kwenye kosa letu.

Mwaka jana, wakati wa masika, alfajiri kukiwa na mawingu, tulimwona ndege juu ya mti mkubwa karibu na mto. Tumbo lake lilikuwa la njano, mgongo wa kijani, mdomo mnene wenye ncha iliyopinda. Kichwa tulikiona cheusi. Mmoja wetu akataja jina, na sote tukalipokea kwa furaha: mbwigu wa Uluguru, ndege ambaye hakuna mahali pengine duniani anapopatikana ila katika milima hii yetu! Mwingereza Arthur Loveridge alimpata huko katika miaka ya 1920, na kwa miaka mingi baadaye walioandikwa kuwa wamemwona walikuwa wachache mno, kwa kuwa hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti ya msituni. Sisi tukamwandika katika daftari, tena kwa wino mwekundu. Jumapili tukatangaza kanisani. Tuliona fahari, tusifiche.

Alikuwapo pamoja nasi mtoto wa darasa la tano. Alisema palepale, "Shikamooni wazee, lakini kichwa chake ni cha kijivu." Tukamwambia anyamaze, watoto hawajui ndege.

Mtoto alikuwa sawa. Yuko ndege mwingine afananaye na huyo, mwenye kichwa cha kijivu, ambaye huishi katika miti ya nchi za chini kama Ngerengere, na mluzi wake mrefu wa huzuni twausikia kila mwaka. Kwenye giza la mawingu kijivu huonekana cheusi, hasa kwa mtu anayekitamani cheusi. Yule wa Uluguru ni ndege wa msitu wa mlimani. Hana kazi huku chini kwenye joto na mkonge.

Mtasema, ndege mmoja ana neno gani? Ana neno. Waliohesabu mwaka 1999 na 2000 katika msitu wa Uluguru Kaskazini walikadiria jozi 1,200 hivi. Hao ndio karibu wote waliopo chini ya mbingu. Msitu huo, uliotiwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru mwaka 2008, ndio nyumba yao, na kutoka milima hiyo mto wetu huteremka, ukaingia Ruvu, ukanywewa hata Dar es Salaam. Sehemu za chini za msitu zimekwisha kukatwa kwa mashamba. Sasa tukieneza habari kwamba ndege huyu anakaa hata Ngerengere, mwenye shoka atauliza, kwa nini nizuiwe kule juu, na ndege wenu wako stesheni? Ushuhuda wetu wa uongo ungemsaidia yeye.

Amri ya tisa twaifundisha watoto wa kipaimara kana kwamba ni ya mahakamani tu. Sisi hatukukusudia kudanganya. Tulisema tulichotaka kiwe, kisha tukamnyamazisha aliyeona. Mafarisayo nao hawakufanya zaidi ya hayo. Na je, ni mara ngapi tumesimama hapa kanisani kushuhudia mambo makubwa kuliko tuliyotendewa, kwa kuwa watu wanapenda kusikia makubwa?

Mstari ule wa wino mwekundu tumeupiga kalamu, lakini hatukuuchana ukurasa. Jumapili ya pili ya Majilio tulisimama mbele ya ibada tukatangaza kosa kwa sauti ile ile tuliyotangazia fahari. Tulikwenda pia nyumbani kwa mtoto, tukamwomba radhi mbele ya bibi yake. Bibi alicheka sana. Mtoto hakucheka, aliuliza kama Jumamosi ataruhusiwa kushika darubini.

Aliishika. Ndege alikuwa juu ya mti ule ule, na safari hii mtoto ndiye aliyeandika.