Wimbo Ulioombwa na Wengi



Vijana wenzangu, kuna lalamiko ninalolisikia kila mahali: saluni, kwenye bajaji, kwa mama ntilie. "Hivi hawa watu wa redio hawana nyimbo nyingine?" Asubuhi wimbo ule, saa nne wimbo ule, ukikaa kula mchana ni ule ule. Mpaka mtoto wa miaka mitatu anaujua mwanzo hadi mwisho, pamoja na yale maneno ambayo mama yake angependa asiyajue. Mtu anabadilisha stesheni kwa hasira, na huko nako anaukuta katikati ya kiitikio.

Lalamiko hilo likianza, mimi huwa nanyamaza. Nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mkoani kwa karibu miaka miwili, na ninajua kwa nini wimbo ule hauishi.

Sababu nyingine hazina dhambi. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja, kompyuta moja na feni inayopiga kelele. Ukiwa peke yako kwenye zamu, unasoma matangazo ya vifo huku simu inaita, unabonyeza kile ulichokizoea. Tena wenye redio wanajua jambo fulani: msikilizaji hakai siku nzima. Anasikiliza nusu saa akiwa njiani, na katika nusu saa hiyo anafurahi kukuta wimbo anaoufahamu. Marekani walianza mtindo huo miaka ya 1950, stesheni inachagua nyimbo chache, arobaini hivi, inazizungusha kutwa nzima. Ukalipa, ukaenea. Hapo ni uvivu kidogo na biashara, sioni wa kumsema sana.

Sababu nyingine ilikuwa shilingi 20,000.

Alikuja kijana mmoja mchangamfu, anatembeza kazi za msanii fulani. Akaniachia flashi, na ndani ya kiganja akaniachia hizo hela. "Ya soda hiyo, mdogo wangu. Tusaidie mwezi huu tu." Sikuomba, lakini pia sikurudisha. Mshahara ulikuwa haujatoka. Wiki iliyofuata akaja tena. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nasema hewani, kwa ile sauti ya furaha tunayojifunza kazini, "Na huu ndio wimbo ulioombwa na wengi!"

Hakuna aliyekuwa ameuomba.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Baada ya wiki tatu au nne, watu walianza kuuomba kweli. Simu zinaingia, "Mtangazaji, tupigie ule wimbo, salamu zimfikie mke wangu." Nikajiambia, basi, uongo umeisha. Nilisema wameuomba, na sasa wanauomba. Kosa liko wapi?

Kuna mtaalamu wa saikolojia, Robert Zajonc, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1968. Aliwaonyesha watu maneno na alama wasizozijua, nyingine mara moja, nyingine mara nyingi. Zile walizoziona mara nyingi ndizo walizozihisi kuwa nzuri, ingawa hazikuwa na maana yoyote kwao. Yaani mazoea peke yake yanatosha kuzaa upendo fulani. Mimi sikuwa nimesoma hayo, ila nilikuwa nayafanya kila siku kwa mkono wangu.

Na hapo ndipo nilipokwama. Mtu akiniuzia maji machafu, nikaumwa, najua nimedhulumiwa. Lakini msikilizaji wangu aliupenda wimbo! Alicheza, alituma salamu, alifurahi. Je, mtu anaweza kuibiwa kitu huku anafurahi?

Nadhani anaweza. Tangazo la sabuni linalipiwa na kila mtu anajua kwamba limelipiwa, kwa hiyo analisikiliza akiwa macho. Wimbo wangu ulilipiwa ukavaa nguo ya zawadi. Hata sheria ya Marekani ya mwaka 1960, iliyotungwa baada ya kashfa ya watangazaji kulipwa kwa siri, haikusema pesa isipokelewe kabisa. Ilitaka msikilizaji aambiwe. Mimi nilimnyima hilo, nikamchagulia cha kupenda, halafu nikamwambia amechagua mwenyewe. Huko ndani, mahali ambapo mtu anaonja na kusema hiki kizuri, hiki sikitaki, niliingia bila hodi. Nilianza na amri ya nane, nikajikuta nimevunja na ya saba.

Mwenzangu mmoja wa jumuiya nilipomweleza haya alinibana. "Mbona sisi tunarudia Salamu Maria 53 katika rozari moja? Si mchezo ule ule?" Swali zuri, na msilikimbie. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya inaishia kwa kiitikio kimoja. Bwana mwenyewe kule Getsemane, Mathayo anasema, alisali mara ya tatu kwa maneno yale yale. Kwa hiyo kurudia peke yake si ugonjwa. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kwenye rozari anayerudia ni mimi. Chembe ziko mkononi mwangu, najua namwita nani, na naweza kunyamaza. (Ingawa nakiri kuna jioni midomo inasali na akili iko kwenye mpira.) Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anajichunguza hata juu ya nyimbo za kanisani, kama anaguswa na kinachoimbwa au anaguswa na sauti tu. Kama yeye alijiuliza kuhusu zaburi, sisi tunaoamka na kiitikio cha mtu tusiyemjua kichwani tungejiuliza nini?

Nilikwenda kitubio. Siri ya kitubio inamfunga padre, hainifungi mimi, kwa hiyo nawasimulia. Nilishajipangia malipizi yangu: nitaweka hela zote kwenye kapu la maskini, yaishe. Padre akaniuliza, "Mwanangu, kabla ya maskini, hakuna mtu unayemdai radhi kwa jina?"

Alikuwepo. Nilimjua tangu siku ya kwanza.

Kulikuwa na kijana wa kwaya yetu, sauti ya tatu, aliyejichanga akarekodi wimbo mmoja. Alikuja redioni na flashi imefungwa kwenye karatasi, akaniambia, "Kaka, ukipata nafasi." Nikamwahidi Jumamosi. Jumamosi ilikuwa na wenyewe. Alikuja mara tatu, mara ya nne hakuja. Baadaye nikasikia ameacha hata kwaya. Mimi nilisema moyoni, vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Nilimkuta stendi, anatengeneza simu kwenye kibanda cha mbao. Nikamweleza yote, na kiasi nilichopokea. Alicheka kwanza. Kisha akaiweka bisibisi mezani, akakaa kimya kidogo.

"Kaka," akasema, "mimi nilijua wimbo wangu ulikuwa mbaya."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimejiandaa hata kutukanwa. Nikamuuliza kama bado anao, niupeleke kwa mtu ninayemfahamu. Akasema ile flashi aliifuta zamani, akaweka filamu. Nilimwachia hela, akakataa, nikamwachia tena, akaziweka chini ya chaja bila kuzihesabu. Mteja akaleta simu iliyopasuka kioo, naye akaendelea na kazi.

Redio ya kibanda cha jirani ilikuwa imewashwa. Ukaanza ule wimbo, ule ule wa shilingi 20,000. Aliinama juu ya simu ya mteja, anachokonoa skrubu, na kwa ile sauti yake ya tatu akauimba wote, neno kwa neno, hata pale wanapopishana kwenye kiitikio. Mimi nilikuwa napiga mdundo kwa kidole juu ya meza yake.